Kinga Iliyomgeukia Mwenyewe: Historia ya Kingamwili na Magonjwa ya Neva za Mwendo

Amri ya kuinua mkono hutoka ubongoni, hushuka katika uti wa mgongo, kisha husafiri kama umeme mdogo ndani ya neva za mwendo hadi kwenye msuli. Neva hizo ndizo zinazomwezesha binadamu kutembea, kushika kalamu, kumeza tonge na kuvuta pumzi. Zikiharibika, msuli hubaki pale pale ulipo lakini amri haiufikii. Hulegea, husinyaa, na mwenye mwili hupooza. Kwa zaidi ya karne moja na nusu madaktari wameuliza ni nini kinachoziharibu. Makala haya yanafuatilia historia ya jibu mojawapo: kwamba mara nyingine anayeziharibu ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili wenyewe huzitengeneza ili kujilinda na maradhi. Jibu hilo lilichelewa kwa sababu wataalamu wakubwa walikuwa wamekwisha kuamini kwamba mwili hauwezi kujidhuru. Lilipokubaliwa hatimaye, baadhi ya watu waliohesabiwa kuwa hawana tiba walipata tiba.

Simulizi linaanzia Paris katikati ya karne ya 19. Mwaka 1859 daktari Jean-Baptiste Octave Landry alieleza ugonjwa wa kupooza unaopanda. Udhaifu huanzia miguuni, hupanda mapajani na mikononi, na kwa wengine hufikia misuli ya kupumua ndani ya siku au wiki chache. Miaka kumi baadaye, 1869, Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière alianza kueleza ugonjwa mwingine, huu ukienda polepole bila kurudi nyuma, ambao huua seli za neva za mwendo zenyewe. Mwaka 1874 akaupa jina ambalo leo hufupishwa ALS. Kazi ya Charcot ilikuwa kumchunguza mgonjwa angali hai, kisha kuupasua mwili wake baada ya kifo na kulinganisha dalili na madhara yaliyoonekana kwa hadubini. Njia hiyo ilionyesha vizuri mahali palipoharibika. Kilichoharibu haikuweza kukionyesha. Hata hivyo, ilirithisha vizazi vilivyofuata mgawanyo wenye uzito mkubwa: kulikuwa na kupooza ambako mgonjwa angeweza kupona, na kulikuwa na kule kulikomaanisha kifo.

Wakati matabibu wa Paris wakitafuta mahali pa ugonjwa, maabara za Berlin zilikuwa zikitafuta asili ya kinga. Mwaka 1890 Emil von Behring wa Ujerumani na Shibasaburo Kitasato wa Japani walitangaza kwamba seramu ya damu ya mnyama aliyekingwa dhidi ya pepopunda au dondakoo ingeweza kumkinga mnyama mwingine akidungwa. Ndani ya damu kulikuwa na kitu kinachoitambua sumu na kuizima. Kitu hicho ndicho tunachokiita leo kingamwili. Ugunduzi huo ulibadilisha tiba ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwanyonga watoto wengi, na Behring akapewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya tiba mwaka 1901. Tangu hapo kingamwili ilijulikana kwa sifa moja tu, ya mlinzi, na sifa hiyo ikawa kikwazo cha fikra kwa nusu karne.

Aliyekiwekea kikwazo hicho msingi wa kinadharia ni Paul Ehrlich. Karibu na mwaka 1900, yeye na msaidizi wake Julius Morgenroth waliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Mbuzi hao walitengeneza kingamwili zilizovunja seli nyekundu za wenzao, lakini hakuna aliyetengeneza zinazovunja seli zake mwenyewe. Ehrlich akahitimisha kwamba mwili una woga wa asili wa kujitilia sumu, na kwamba lazima uwe na njia ya kujizuia. Hakusema kwamba kizuizi hicho hakiwezi kamwe kushindwa, lakini wafuasi wake waliuchukua msemo wake kama sheria. Mwaka 1904 huko Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner walionyesha kwamba watu wenye ugonjwa nadra, ambao mkojo wao hubadilika rangi baada ya kupigwa na baridi, walikuwa na kingamwili zilizovunja seli zao wenyewe za damu. Ushahidi ulikuwa mezani. Ukachukuliwa kuwa jambo la ajabu la pembeni, na swali likawekwa kando.

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyorudisha macho kwenye neva. Mwaka 1916 madaktari watatu wa jeshi la Ufaransa, Georges Guillain, Jean-Alexandre Barré na André Strohl, waliwachunguza askari wawili waliokuwa wamelegea miguu na mikono, na ambao goti likigongwa kwa nyundo halikuruka. Walikuwa na kifaa ambacho Landry hakuwa nacho: tangu 1891 Heinrich Quincke alikuwa amewafundisha madaktari kuchota maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Katika maji ya askari hao walikuta protini nyingi bila ongezeko la seli, jambo lililoutofautisha ugonjwa huo na polio na maambukizi mengine, ambayo huongeza seli. Wote wawili walipata nafuu. Ugonjwa ukachukua majina ya Guillain na Barré, na ingawa chanzo chake kilibaki gizani, daktari sasa alikuwa na alama ya kuutambua mgonjwa akiwa bado hai.

Kidokezo cha chanzo kilitoka kwenye chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo Louis Pasteur aliianzisha mwaka 1885 ilitengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura, na ilitolewa kwa sindano nyingi mfululizo. Wachache kati ya waliochanjwa walipooza, na ugonjwa wao haukufanana na kichaa cha mbwa. Katika miaka ya 1930 Thomas Rivers na wenzake katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York waliwadunga nyani tishu za ubongo wa sungura zisizo na virusi, wakarudia tena na tena, hadi baadhi ya nyani hao wakadhoofika viungo na ubongo wao ukaonekana kuvimba. Hapakuwa na kiini cha maambukizi. Kilichobaki kulaumiwa ni kinga iliyoamshwa na tishu ya ubongo wa mnyama mwingine, ambayo baadaye iliushambulia ubongo wa mwenyewe. Mwaka 1955 Byron Waksman na Raymond Adams walipiga hatua nyingine: waliwadunga sungura tishu za neva za nje ya ubongo, na sungura wakapata ugonjwa unaofanana kwa karibu na ule wa Guillain na Barré.

Muongo huohuo wa 1950 ulibadilisha mambo mawili kwa pamoja, huduma na fikra. Mwaka 1952 mlipuko wa polio uliukumba mji wa Copenhagen, na daktari Bjørn Ibsen akaonyesha kwamba aliyepooza misuli ya kupumua anaweza kuokolewa kwa kutobolewa njia ya hewa shingoni na kusukumiwa hewa kwa mkono, saa baada ya saa, hadi nguvu zirudi. Wanafunzi wa udaktari walipokezana kazi hiyo usiku na mchana. Kutokana na juhudi hizo vilizaliwa vyumba vya wagonjwa mahututi, na aliyepooza kwa ugonjwa wa Guillain na Barré akapata muda wa kungojea neva zake zipone. Kwa upande wa fikra, mwaka 1956 Ernest Witebsky na Noel Rose huko Buffalo walisababisha ugonjwa wa tezi ya shingo kwa sungura waliodungwa protini ya tezi, na wakati huohuo Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao wa London wakapata kingamwili dhidi ya tezi katika damu ya wagonjwa. Ngome ya mafundisho ya Ehrlich ilivunjika hapo. Kuanzia wakati huo swali lilibadilika: si tena kama kinga inaweza kumgeukia mwenyewe, bali inafanya hivyo katika maradhi gani.

Jibu la kwanza lililo wazi kuhusu mwendo lilipatikana mahali neva inapokutana na msuli. Ugonjwa uitwao myasthenia gravis huwachosha watu misuli kadiri wanavyoitumia. Kope huanguka jioni, sauti hufifia katikati ya mazungumzo. Mwaka 1960 John Simpson wa Glasgow alipendekeza kwamba kingamwili ndizo zinazozuia ujumbe wa neva usipokelewe na msuli. Mwaka 1973 Jim Patrick na Jon Lindstrom wa Taasisi ya Salk huko California waliwadunga sungura kipokezi cha ujumbe huo, walichokitoa katika mkunga wa umeme, kwa nia tu ya kupata kingamwili za kufanyia utafiti. Sungura wakalegea. Mwaka 1975 Klaus Toyka na wenzake wa Baltimore waliwadunga panya kingamwili za wagonjwa, na panya wakaonyesha dalili za ugonjwa. Mwaka uliofuata madaktari wa London walichuja plazima, yaani majimaji ya damu, ya wagonjwa ili kuziondoa kingamwili hizo, na wagonjwa wakapata nguvu. Hoja ikakamilika: kingamwili ipo, ikihamishwa huhamisha ugonjwa, ikiondolewa mgonjwa hupata nafuu. Kipimo hicho cha hatua tatu kimekuwa mizani ya kila dai lililofuata.

Ili mizani hiyo itumike kwenye neva zenyewe, ilihitajika kujulikana ni kitu gani juu ya neva kinachoshambuliwa. Hapa kazi ya kimya ya wanakemia ilizaa matunda. Mwaka 1942 Ernst Klenk wa Ujerumani alikuwa amelipa jina kundi la mafuta yaliyofungamana na sukari aliyoyakuta kwa wingi katika tishu za neva: gangliosidi. Mwaka 1963 Lars Svennerholm wa Uswidi alizipanga kwa herufi na namba, na mojawapo ikaitwa GM1. Sehemu yake ya mafuta hujikita katika utando wa seli, na sukari zake hutokeza nje, mahali kingamwili inapoweza kuzifikia. Kwa miaka mingi majina hayo yalikuwa mali ya wanakemia peke yao. Hakuna daktari wa wodini aliyekuwa na sababu ya kuyajua.

Sababu ilikuja kwa njia ya siasa na ya takwimu. Mwaka 1976 serikali ya Marekani, kwa kuogopa mlipuko wa homa ya mafua ya nguruwe, iliwachanja watu wapatao milioni 45. Kabla ya mwaka kwisha zoezi likasimamishwa, kwa kuwa ilionekana kwamba ugonjwa wa Guillain na Barré ulikuwa umeongezeka kwa takriban mtu mmoja katika kila watu 100,000 waliochanjwa. Ongezeko lilikuwa dogo, lakini liliwalazimisha watafiti kukubaliana juu ya vigezo vya kuutambua ugonjwa na kuanza kuhesabu wagonjwa kwa utaratibu. Matokeo yake yalionekana mwaka 1985, jaribio lililohusisha wagonjwa 245 wa Amerika Kaskazini lilipothibitisha kwamba kuchuja plazima huharakisha kupona. Kama kuondoa plazima kunasaidia, basi ndani ya plazima kuna kinachodhuru. Msako wa kukitafuta ukaanza.

Katika msako huo ndipo watu waliokuwa wamekabidhiwa kwa kifo walipotenganishwa na wenzao. Katika miaka ya 1980 madaktari kadhaa waliwaona wagonjwa wenye mikono iliyodhoofika bila ulinganifu, mmoja akishindwa kufunga vifungo kwa mkono wa kulia, mwingine kifundo cha mkono wa kushoto kikianguka, huku hisia za ngozi zikiwa timamu. Sura ya nje ilikuwa ya ALS. Lakini walipozipima neva kwa umeme, waligundua kwamba ishara ilikuwa ikikwama katika vipande fulani vya neva, ilhali juu na chini ya vipande hivyo neva ilipitisha umeme vizuri. Mwaka 1986 kundi la Norman Latov huko New York lilieleza kingamwili za aina ya IgM zilizonata kwenye gangliosidi kwa mgonjwa aliyedhoofika misuli. Mwaka 1988 Alan Pestronk na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, walieleza wagonjwa wawili wenye udhaifu wa namna hiyo, wenye kingamwili dhidi ya GM1, ambao steroidi hazikuwasaidia lakini walipata nafuu kwa dawa ya kupunguza kinga iitwayo siklofosfamidi. Ugonjwa mpya ukatambuliwa: ugonjwa wa neva za mwendo za hapa na pale, usiogusa hisia.

Siklofosfamidi ni dawa nzito yenye madhara makubwa, na wagonjwa hawa walihitaji kitu cha kuvumilika kwa miaka. Kilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1981 Paul Imbach wa Bern, Uswisi, alikuwa amewapa watoto wenye upungufu wa chembe za kugandisha damu dozi kubwa za imunoglobulini, yaani kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangiaji damu wenye afya, na chembe zao zikapanda. Mwaka 1992 jaribio la Uholanzi lilionyesha kwamba dawa hiyo huwafaa wagonjwa wa Guillain na Barré sawasawa na kuchuja plazima. Kuanzia mwaka huohuo ripoti za Japani, kisha za Marekani na Ulaya, zikaonyesha kwamba wagonjwa wa neva za mwendo za hapa na pale hupata nguvu ndani ya siku au wiki chache baada ya kupewa dripu yake. Katika hili kuna fundisho zito: kingamwili za watu wengine zilituliza madhara ya kingamwili za mgonjwa mwenyewe. Na steroidi, ambazo husaidia maradhi mengi ya kinga, ziliweza hata kumzidishia udhaifu mgonjwa wa aina hii. Tangu hapo kukosea jina la ugonjwa kulikuwa na maana ya kukosea dawa.

Mafanikio hayo yaliamsha tumaini kubwa kuliko ushahidi. Kama wagonjwa wanaofanana na wa ALS walikuwa na kingamwili, je, ALS yenyewe nayo haiwezi kuwa ugonjwa wa kinga? Mwaka 1992 watafiti wa Houston, Texas, waliripoti kingamwili dhidi ya milango ya kalisi ya seli katika damu ya wagonjwa wengi wa ALS. Maabara nyingine hazikuweza kuthibitisha matokeo hayo kwa uthabiti, na majaribio ya kukandamiza kinga kwa wagonjwa wa ALS hayakuzuia ugonjwa kuendelea. Mwaka 1993 uligunduliwa urithi wenye kasoro katika jeni ya SOD1, na utafiti wa ALS ukaelekea njia nyingine. Tukio hili lina nafasi yake katika historia, kwa kuwa lilithibitisha thamani ya ile mizani ya hatua tatu. Kuikuta kingamwili ndani ya damu ya mgonjwa hakutoshi kuihukumu kuwa ndiyo iliyomtia ugonjwa. Hata kingamwili dhidi ya GM1 hukosekana kwa takriban nusu ya wagonjwa wa neva za mwendo za hapa na pale, na hupatikana kwa kiwango kidogo kwa baadhi ya watu wenye maradhi mengine. Ni shahidi mmoja miongoni mwa mashahidi, na hupewa uzito ikisimama pamoja na kipimo cha umeme na uchunguzi wa mikono ya daktari.

Ilibaki siri ya mwanzo: kwa nini mwili uanze kutengeneza kingamwili dhidi ya neva zake? Jibu lilipatikana Asia. Kila kiangazi, watoto wa vijiji vya kaskazini mwa China walikuwa wakiletwa hospitali wakiwa wamepooza ghafla, wengi wakihitaji mashine za kupumulia. Mwaka 1990 na 1991 timu ya Guy McKhann, Jack Griffin, Arthur Asbury na David Cornblath kutoka Marekani ilifanya kazi pamoja na madaktari wa mkoa wa Hebei, ikagundua kwamba ugonjwa huu haukushambulia ala ya mafuta inayozunguka neva kama plastiki inavyozunguka waya, bali uzi wenyewe wa neva za mwendo. Wengi wa watoto hao walionyesha dalili za kuambukizwa bakteria aitwaye Campylobacter jejuni, anayesababisha kuhara na hupatikana zaidi kwa kuku na maji machafu. Huko Japani, Nobuhiro Yuki alikuwa ameeleza mwaka 1990 wagonjwa waliopooza baada ya kuhara, wakiwa na kingamwili za aina ya IgG dhidi ya GM1. Mwaka 1993 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba ganda la nje la bakteria huyo lina sukari zilizopangwa sawa na sukari za GM1. Mwili unapompiga bakteria, hutengeneza kingamwili zinazomtambua kwa sukari hizo, na kingamwili hizohizo huzitambua neva. Kinga haikuasi, ilidanganywa na mfanano.

Miaka iliyofuata ilijaza sehemu zilizobaki wazi. Mwaka 1996 uchunguzi wa maiti za wagonjwa wa China ulionyesha kingamwili na protini za kuvunja seli zikiwa zimejikusanya katika vifundo vya neva, yaani nafasi ndogo zisizofunikwa na ala, ambako umeme hurukia kutoka kipande hadi kipande. Mwaka 2001 Yuki na wenzake waliwadunga sungura GM1, nao wakapooza, wakatengeneza kingamwili zilezile. Kati ya 2012 na 2014 watafiti, wakiwemo wa kundi la Luis Querol huko Barcelona, walizitambua kingamwili nyingine, za aina ya IgG4, zinazoshika protini zinazofunga ala kwenye uzi wa neva kandokando ya vifundo hivyo. Wagonjwa wenye kingamwili hizo hawanufaiki sana na imunoglobulini, lakini wengi hupata nafuu kwa rituximab, dawa inayopunguza seli zinazotengeneza kingamwili. Mwaka 2021 mwongozo wa madaktari wa neva wa Ulaya ukalitenga kundi hilo kuwa ugonjwa wa peke yake. Yale ambayo mwaka 1916 yalionekana kuwa ugonjwa mmoja yalikuwa yamegawanyika kuwa familia ya maradhi, kila moja na kingamwili yake, mahali pake pa kushambulia na tiba yake.

Afrika Mashariki imo ndani ya historia hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni vita dhidi ya polio. Shirika la Afya Duniani lilipoazimia mwaka 1988 kuitokomeza polio, liliweka utaratibu kwamba kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea viungo ghafla aripotiwe, na sampuli mbili za choo chake zichukuliwe ndani ya siku 14. Wahudumu wa afya wa Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko wamefanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na Agosti 2020 kanda ya Afrika ya shirika hilo ilitangazwa kuwa imeshinda polio ya asili. Lakini polio ilipopungua, ugonjwa wa Guillain na Barré ulibaki kuwa miongoni mwa sababu kuu za watoto kulegea ghafla. Sampuli ya choo ikirudi bila virusi vya polio, serikali hupata habari njema. Mtoto na mzazi wake bado wanangojea jibu. Njia ya pili ni virusi vya Zika, vilivyogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda. Kwa miongo mingi vilihesabiwa kuwa havina madhara makubwa, hadi vilipofika visiwa vya Polynesia ya Ufaransa mwaka 2013, ambako watu 42 walipata ugonjwa wa Guillain na Barré, na baadaye vikaenea Amerika ya Kusini pamoja na kupooza kulekule.

Leo hii, matokeo ya karne na nusu ya kazi hiyo ni haya. Ugonjwa wa Guillain na Barré humpata takriban mtu mmoja au wawili katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Karibu robo yao huhitaji mashine ya kupumulia, na walio wengi hurudi kutembea wakipata huduma kwa wakati. Ugonjwa wa neva za mwendo za hapa na pale ni nadra zaidi, huwapata wanaume kuliko wanawake, na mwenye nao anaweza kuishi miaka mingi akifanya kazi zake iwapo atapata dripu za imunoglobulini kwa vipindi. Dawa mpya zinazoharakisha kuondolewa kwa kingamwili mwilini zimeanza kuidhinishwa: efgartigimod iliidhinishwa Marekani kwa myasthenia gravis mwaka 2021, na kwa ugonjwa sugu wa kuchubuka ala za neva mwaka 2024. Wakati huohuo, madaktari wa Dhaka, Bangladesh, walionyesha mwaka 2018 kwa wagonjwa 20 kwamba kuchuja plazima kidogo kidogo kwa vifaa rahisi vya kando ya kitanda kunawezekana na ni salama, mahali ambapo mashine kubwa na imunoglobulini ni ghali mno. Njia ya Dhaka inafaa kufanyiwa kazi na hospitali zetu kabla ya kungojea bei za dawa mpya zishuke.

Historia hii inatuachia hukumu mbili, nazo zinamhusu kila msomaji. Mtu anayelegea miguu ghafla, hasa siku au wiki chache baada ya kuhara au homa, ni mgonjwa wa dharura. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu udhaifu unaopanda unaweza kufika kwenye pumzi. Na mtu anayedhoofika mkono mmoja polepole huku hisia zake zikiwa timamu asiambiwe kwamba ana ALS na hana tiba kabla neva zake hazijapimwa kwa umeme na, pale inapowezekana, damu yake haijapimwa kingamwili dhidi ya GM1. Wizara za afya na vyuo vya udaktari vya kanda yetu viwafunze vijana kupima neva, na viweke mashine hizo walau katika hospitali za rufaa. Kosa la kumhukumu mapema mgonjwa anayetibika lilikuwa na udhuru mwaka 1874. Leo halina.